Joto Linaloingia Baharini na Namna Linavyotufikia Pwani

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya mashariki kama Paje na Jambiani. Wakulima wake, wengi wao akina mama, walipanda aina mbili: spinosamu, na kotonii ambayo wanunuzi huilipia zaidi. Mwanzoni kotonii ilistawi. Baadaye ikawa inageuka nyeupe kwenye ncha, inalainika, inakatika kwenye kamba na kuchukuliwa na maji. Sehemu nyingi za kina kifupi zilizokuwa zikivunwa kotonii sasa haioti tena, na mkulima amebaki na spinosamu, mwani unaovumilia joto lakini una bei ndogo.

Nimeanzia kwenye mwani kwa makusudi. Mazungumzo ya tabianchi huku kwetu hutazama juu, kwenye jua na moshi, na bahari husahauliwa. Ilhali zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada ambalo dunia imelikusanya tangu miaka ya 1970 limeingia baharini. Hewa tunayoivuta imebeba asilimia moja hivi. Kwa hiyo mtu wa pwani anayetaka kujua tabianchi inamfanyia nini, aitazame bahari kwanza.

Joto hilo linatoka wapi? Mwanga wa jua hufika chini, ardhi na maji huupokea, kisha huurudisha juu kama joto lisiloonekana kwa macho. Naitrojeni na oksijeni, ambazo ndizo karibu hewa yote, huliacha joto hilo lipite. Mvuke wa maji, hewa ukaa na methani hulinasa, na sehemu yake huirudisha chini. Mwanasayansi John Tyndall alilipima jambo hili maabarani mwaka 1859, kwa hiyo si nadharia ya juzi. Wala gesijoto hizi si sumu kwa asili yake. Bila ya hizo wastani wa joto la uso wa dunia ungekuwa nyuzi 18 hivi chini ya sifuri, na bahari zingeganda. Ni blanketi ambalo dunia imejifunika tangu zamani, na sisi tunaliongezea unene.

Kabla ya enzi za viwanda, katika kila chembe milioni moja za hewa, takriban 280 zilikuwa za hewa ukaa. Leo zimepita 420. Vipimo vya kila siku vimekuwa vikichukuliwa kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, tangu mwaka 1958, na havijaonyesha mwaka hata mmoja ambao kiasi hicho kilirudi kule kilikokuwa muongo uliotangulia.

Hapa watu huuliza, na wana haki ya kuuliza: mbona isiwe ni jua lenyewe limezidi ukali? Kama lingekuwa jua, anga lote lingepata joto, la chini na la juu kabisa. Vipimo vinaonyesha kinyume: tabaka la chini linapata joto huku tabaka la juu yake likipoa, kama inavyotarajiwa joto linapozuiwa lisipande. Tena, kaboni inayoongezeka hewani ina alama ya mahali ilikotoka. Makaa ya mawe, mafuta na gesi vimekaa chini ya ardhi mamilioni ya miaka hata kaboni 14 yake, aina ya kaboni inayopungua yenyewe kadiri miaka inavyopita, imekwisha yote, na hewa yetu imekuwa ikipungukiwa na kaboni hiyo kwa namna ileile. Sioni tena nafasi ya kubishana kuhusu chanzo. Sehemu ya Afrika nzima katika hewa ukaa inayotokana na kuchoma nishati hizo haifiki asilimia 4, na jambo hilo linapaswa kusemwa kwa sauti kila mahali gharama zinapojadiliwa.

Sasa turudi baharini, maana huko ndiko mvua zetu zinakotoka. Kwa kawaida maji ya moto zaidi katika Bahari ya Hindi huwa upande wa mashariki, karibu na Indonesia, na mawingu mazito hujengeka huko. Miaka mingine mambo hugeuka: upande ule hupoa, upande wetu hupata joto kupita kawaida, na unyevu huja kumwagika Afrika Mashariki wakati wa vuli. Watafiti wa India na Japani waliueleza mgeuko huu mwaka 1999. Ulitokea kwa nguvu mwaka 1997, 2019 na 2023, na miaka yote mitatu tulipata mafuriko.

Mitaani kila mafuriko huitwa Elinino. Elinino ni kuzidi kwa joto la maji ya Bahari ya Pasifiki, si ya bahari yetu. Mwaka 1997 na 2023 ilikuwapo kweli, ikashirikiana na mgeuko wa bahari yetu. Lakini vuli ya 2019 Pasifiki ilikuwa imetulia, na bado mito ilifurika kutoka Somalia hadi Tanzania. Anayesubiri kusikia Elinino ndipo ajiandae, amechelewa.

Mgeuko huu ni wa asili, ulikuwapo kabla ya viwanda. Kilichobadilika ni bahari ambamo unatokea. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja huweza kubeba mvuke wa maji zaidi kwa asilimia 7 hivi, na dunia imeshapita nyuzi hiyo moja tukilinganisha na nusu ya pili ya karne ya 19. Wingu lilelile sasa lina maji mengi zaidi ya kumwaga. Na mvua isipokuja, joto hilohilo hunyonya unyevu wa udongo upesi. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano mfululizo ya mvua ilishindwa kaskazini mwa Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia, na mifugo ikafa kwa mamilioni. Wafugaji wale wanajua ukame tangu enzi za babu zao. Misimu mitano bila kupumua ndiyo iliyowamaliza.

Kimbunga Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024. Vimbunga havijengeki kwa urahisi karibu na ikweta, na kimoja hakitoshi kuthibitisha jambo. Lindi ilipigwa mwaka 1952, kabla hewa ukaa haijapanda hivi. Ila kimbunga hupata nguvu kutoka maji ya moto, na maji hayo yanazidi kuwa ya moto.

Matumbawe nayo hayavumilii. Joto likizidi kiwango cha juu cha kawaida kwa nyuzi moja tu na kukaa hivyo wiki kadhaa, hufukuza vijimea vinavyoyalisha na kuyapa rangi. Yakibaki meupe muda mrefu hufa. Mwaka 1998 sehemu kubwa ya matumbawe ya magharibi mwa Bahari ya Hindi ilikufa hivyo, na weupe ulirudi 2016 na 2024. Samaki wa wavuvi wetu wadogo huzaliana na kujificha kwenye matumbawe hayo.

Usawa wa bahari ulipanda takriban sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, kwa sababu maji yakipata joto hutanuka na barafu ya nchi kavu inayeyuka. Sentimita 20 zinaonekana chache hadi ije bamvua ikiwa na upepo wa kusi, maji yakaingia shambani na kisimani. Hata hivyo tusiibebeshe tabianchi kila kitu. Ufukwe uliochotwa mchanga wa kujengea au uliokatwa mikoko utaliwa na mawimbi hata bahari isingepanda. Mikoko tunaweza kuilinda sisi wenyewe, bila kungoja mkutano wowote.

Kwa mwani, mtafiti Flower Msuya na wenzake wamefanya kazi na wakulima kupanda kotonii kwenye maji ya kina kirefu, ambako joto ni pungufu, ndani ya nyavu zilizoshonwa kama bomba. Inaota. Lakini huko hakufikiki kwa miguu wakati wa maji kupwa. Panahitaji chombo, na akina mama wengi hawakufundishwa kuogelea. Miradi inayokuja na nyavu peke yake haijamaliza kazi. Ije na boti na mafunzo ya kuogelea pia.

Kwa wengine wote, utabiri wa vuli hutolewa na mamlaka za hali ya hewa kuelekea Septemba. Watu wengi husikiliza sentensi moja tu, mvua nyingi au chache. Tafuta sehemu inayoeleza joto la bahari. Ikisema magharibi mwa Bahari ya Hindi kuna joto kuliko kawaida na mashariki kumepoa, mitaro izibuliwe kabla ya Oktoba, na aliyelima bondeni kando ya mto avune mapema kile kinachovunika.