Macho ya manjano yasiyo na maumivu: saratani ya kongosho na mahali pa kupasuliwa

Mgonjwa wa saratani ya kongosho mara nyingi hutufikia sisi madaktari wa upasuaji akiwa ameshatibiwa ini. Macho yameiva manjano, mkojo umekuwa kama chai ya rangi, choo kimepauka kama majivu, na mwili unamwasha usiku kucha mpaka ngozi ina michubuko ya kucha. Maumivu hana, au ni kidogo tu. Kwa kuwa hayapo, nyumbani wanasubiri. Wengine humchemshia majani na mizizi ya "kusafisha ini" mwezi mzima. Naandika kwa ajili ya mwezi huo.

Kongosho lina urefu wa kama sentimita 15, limelala nyuma ya mfuko wa chakula, mbele ya uti wa mgongo. Hutoa insulini, na hutoa pia maji ya kuyeyushia chakula. Kichwa chake kimekumbatiwa na mwanzo wa utumbo mwembamba, na mrija wa nyongo hupita humo humo. Uvimbe ukiota hapo huubana mrija, nyongo ikakosa njia na kurudi kwenye damu. Uvimbe wa mkiani hauna mrija wa kuubana, basi hukua kimya hadi mgongo unapoanza kuuma na nguo kumpwaya mtu. Macho ya manjano yana sababu nyingi, homa ya ini na mawe ya nyongo yakiwemo, lakini ultrasaundi ya tumbo huweza kuonyesha siku hiyo hiyo kama mrija umeziba. Na ipo dalili moja inayopuuzwa sana: kisukari kinachomwanza mtu aliyevuka miaka 50, asiye mnene, huku akikonda. Wengi wenye kisukari kipya hawana saratani. Huyu, hata hivyo, anastahili kupigwa picha.

Picha yenyewe ni CT ya kongosho, yaani eksirei ya kompyuta inayoonyesha tabaka za mwili, yenye dawa ya kuonyesha mishipa. Hali ikiruhusu, ipigwe kabla mgonjwa hajawekewa stenti, kijibomba cha kufungua mrija, maana stenti huvuruga kinachoonekana. Tunachotafuta ni mambo mawili: je, uvimbe umeishika mishipa mikubwa ya damu inayopita nyuma yake? Je, umeshafika kwenye ini? Kati ya wagonjwa 100, ni 15 hadi 20 tu ambao uvimbe wao unaweza kutolewa tangu mwanzo. Wengine huanza na dawa za kemo, na baadhi yao hufikia hatua ya kupasuliwa baadaye.

Upasuaji wa kichwa cha kongosho huitwa Whipple, kwa jina la Allen Whipple wa New York aliyeueleza mwaka 1935. Hutolewa kichwa cha kongosho, duodeni (ule mwanzo wa utumbo mwembamba), mfuko wa nyongo na kipande cha mrija wake, kisha utumbo huvutwa juu na kuungwa upya mahali patatu: kwa kongosho, kwa mrija wa nyongo, na kwa mfuko wa chakula. Ni kazi ya saa nyingi. Kiungio cha kongosho ndicho kinachotunyima usingizi. Nyama yake ni laini kama maini ya kuku, uzi huichana, na maji yake huyeyusha nyama. Yakivuja, yanaweza kula ukuta wa mshipa, mgonjwa akatokwa damu ghafla siku ya 10, wakati ndugu wameshaanza kupanga safari ya kurudi nyumbani.

Ndiyo maana kituo maalumu cha upasuaji huu si daktari mmoja hodari. Ni muuguzi wa zamu ya usiku anayeona mapigo ya moyo yamepanda na maji kwenye mpira unaotoa majimaji tumboni yamebadilika rangi, akapiga simu bila kungoja asubuhi. Ni maabara inayopima amilesi, kimeng'enya cha kongosho, katika maji hayo siku ya 3, benki ya damu isiyokauka, na mtaalamu wa radiolojia anayeweza kuuziba mshipa unaovuja kwa kupitia pajani, bila kufungua tumbo tena.

Tofauti imepimwa. Mwaka 2002, utafiti wa John Birkmeyer na wenzake kwa wagonjwa wa Medicare, bima ya serikali hasa kwa wazee nchini Marekani, ulionyesha kwamba, kwa upasuaji wa kongosho, hospitali zilizoufanya kwa nadra zaidi zilipoteza wagonjwa 16.3 kati ya 100. Zilizoufanya mara nyingi zaidi, 3.8. Huko Baltimore, timu ya John Cameron ya Johns Hopkins iliripoti mwaka 1993 wagonjwa 145 mfululizo bila kifo hata kimoja. Uholanzi iliamua kwamba hospitali isiyofikisha Whipple 20 kwa mwaka isiufanye.

Basi muulize daktari: "Dokta, hapa mnafanya Whipple ngapi kwa mwaka?" Si utovu wa adabu. Mimi nikiulizwa hujibu kwa namba. Najua jibu linaweza kumaanisha safari ndefu, kulala kwa jamaa mjini, na gharama ambazo bima haigusi. Hata hivyo nashauri safari. Beba CD ya picha zako, si karatasi ya majibu peke yake.

Ambaye hawezi kupasuliwa hajaachwa. Stenti humwondolea manjano na muwasho, na mofini ya maji hutuliza maumivu. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1993, imewafikishia wagonjwa dawa hiyo hadi nyumbani. Tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza mateso ya mgonjwa, ianze mapema, isingojewe hadi siku za mwisho.

Aliyepasuliwa naye bado ana kazi. Akipona kidonda, kwa kawaida hupewa kemo kwa takriban miezi 6. Akiona choo chenye mafuta, kinachoelea na kugoma kusukumwa na maji, ujue kongosho lililobaki halitoshi kuyeyusha chakula. Atahitaji vidonge vya vimeng'enya, yaani viyeyusha chakula. Wengi huvimeza baada ya kula, kama dawa nyingine, na wanaendelea kukonda. Vinamezwa pamoja na tonge la kwanza, ili vichanganyike na chakula njiani.