Kikomo cha vigeu viwili: kipo au hakipo?

Ukisimama Mnazi Mmoja, pale Lindi ambapo barabara ya Masasi inaachana na ile ya Mtwara, unaona magari yakiingia kutoka pande tatu. Kila dereva akikaribia njia panda, kimo chake kutoka usawa wa bahari kinasogelea namba ileile. Wa Masasi hawezi kufika akiwa mita kumi juu ya wa Mtwara. Hicho ndicho kikomo: thamani moja ambayo fanksheni (kanuni inayoipa kila nukta namba yake, kama kimo hapa) inaisogelea unapoikaribia nukta, uje kwa njia yoyote ile. Nukta yenyewe haituhusu. Hata kama fanksheni haina thamani pale, kikomo chaweza kuwapo.

Kwa kigeu kimoja, yaani namba moja inayobadilika, kazi ni nyepesi, maana unatembea juu ya mstari: unakuja kutoka kushoto au kulia, basi. Kwa vigeu viwili, x na y, umeachiwa shamba zima la mikorosho. Waweza kuja kwa kunyoosha, kwa kukata mshazari, kwa kupinda, hata kwa kuzungukazunguka kama anayetafuta mbuzi aliyepotea. Njia hazihesabiki, na zote lazima zikubaliane.

Zisipokubaliana? Nenda Newala, Shimo la Mungu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Tufanye ukingo umekatwa wima kama ukuta. Anayetoka mjini anafika akiwa juu. Anayepanda kutoka bonde la Ruvuma anafika chini ya ukuta. Kwenye ramani ni mahali pamoja, lakini vimo ni viwili. Hapo kikomo hakipo.

Chukua xy/(x² + y²) karibu na (0, 0). Ukija juu ya mhimili wa x, y ni 0, unapata 0. Mhimili wa y, 0 tena. Hapa ndipo wanafunzi wengi huweka kalamu chini na kuandika "kikomo ni 0". Jaribu mstari y = x: unapata x²/2x², yaani nusu, hata ukaribie vipi. Njia mbili zimegombana, kesi imekwisha: hakuna kikomo.

Basi tupime mistari yote iliyonyooka? Haitoshi, na huu ndio mtego ninaoupenda kuliko yote. Tazama x²y/(x⁴ + y²). Weka y = mx, mstari wenye mwinamo m, inabaki mx/(x² + m²), inayokwenda 0 kwa kila m isiyo 0. Mihimili nayo inatoa 0. Mistari yote imekubaliana! Kisha mtu anakuja kwa njia ya kupinda, y = x², na anapata x⁴/2x⁴: nusu. Parabola hiyo haikubuniwa kwa bahati. Angalia asili ya sehemu: x⁴ na y² zinalingana uzito pale y inapokwenda kama x². Ukiona vipeo visivyolingana hivyo, tafuta njia inayovilinganisha.

Kwa hiyo kupima njia kunaweza kukanusha tu. Njia mbili zinazopingana zinatosha kusema hakuna kikomo. Njia elfu moja zinazokubaliana hazijathibitisha kwamba kipo, maana hujui ya elfu moja na moja itasemaje. Anayetaka kuthibitisha aache njia kabisa, ajenge uzio.

Mfano ni x²y/(x² + y²). Kwa kuwa x² haiwezi kuzidi x² + y², sehemu x²/(x² + y²) haivuki 1. Hivyo fanksheni nzima, ukiacha alama ya hasi, haizidi ukubwa wa y. Na y haizidi umbali wako kutoka (0, 0). Ukikaribia, umbali unakwenda 0, na fanksheni iliyobanwa chini yake haina pa kutorokea. Kikomo ni 0. Hatukuuliza umepita njia gani, umepinda wala umezunguka mara ngapi. Tumeuliza umbali tu. Akija mbishi akataka tofauti na 0 iwe chini ya 0.01, mchoree duara lenye nusukipenyo 0.01 kuzunguka nukta. Popote atakaposimama ndani yake, nukta yenyewe ikiachwa, atapata anachotaka. Akitaka 0.0001, duara la 0.0001.