Tunaogopa mofini, tunameza tramadoli: dhana potofu na ukweli kuhusu dawa kali za maumivu

Mgonjwa wa saratani ya shingo ya kizazi analia usiku kucha, nyumba nzima haijalala, na chupa ya mofini aliyopewa hospitali imefungiwa kabatini kwa sababu shangazi kasema atageuka teja. Mtaa huohuo, kijana wa bodaboda mwenye mgongo unaomsumbua anasimama duka la dawa, anatoa hela, anaondoka na tramadoli bila cheti cha daktari na bila kuulizwa swali. Yote mawili yamekwenda kinyume na utafiti unavyosema.

Mofini, pethidini, kodeini, tramadoli, oksikodoni na fentanili ni dawa za kundi moja, opioidi. Zote hujishika kwenye vipokezi vilevile vya ubongo na uti wa mgongo ambavyo afyuni hujishika. Heroini nayo imo humo, maana ilitengenezwa kutokana na mofini, na undugu huo na "unga" ndio uliotuletea hofu. Hofu yenyewe si mbaya. Tatizo ni kwamba tumeiweka mahali ambapo dawa hizi zinasaidia zaidi, tukaiondoa pale ambapo zinadhuru bila faida.

"Ukianza mofini hutoki tena, utakuwa teja"

Hapa watu huchanganya mambo mawili. La kwanza ni mwili kuzoea. Mtu yeyote aliyetumia mofini kila siku kwa wiki kadhaa, akikatiwa ghafla, atapata arosto: jasho, miayo, kuharisha, tumbo kusokota, usingizi kupotea. Mtoto mchanga ambaye mama yake alikuwa akitumia dawa hizi huweza kuipata, na hakuna atakayemwita mtoto huyo mraibu. Dawa ikipunguzwa kidogo kidogo, mwili hurudi katika hali yake. La pili ni uraibu wenyewe, ambapo mtu anaitafuta dawa hata kama inamharibia kazi, ndoa na afya, na hawezi kujizuia.

Je, wangapi kati ya wanaopewa dawa hizi hufikia uraibu? Jibu la swali hili lina historia chungu. Mwaka 1980, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha barua ya sentensi tano kutoka Boston. Waandishi walikuwa wamepitia mafaili ya wagonjwa 11,882 waliopata walau dozi moja ya dawa hizi wakiwa wamelazwa, na wakaona wanne tu waliopata uraibu kati ya wasiokuwa na historia hiyo. Barua haikueleza wagonjwa walipewa dawa kwa muda gani, wala haikufuatilia nini kiliwapata baada ya kurudi nyumbani. Hata hivyo iliendelea kunukuliwa miaka nenda rudi kama ushahidi kwamba uraibu ni nadra. Watafiti wa Kanada walipoifuatilia mwaka 2017 walikuta imetajwa katika machapisho 608. Zaidi ya asilimia 70 ya machapisho hayo yaliitumia kuthibitisha kwamba hakuna cha kuogopa, na karibu asilimia 80 hayakusema kabisa kwamba wagonjwa wale walikuwa wodini.

Katika mazingira hayo ndipo kampuni ya Purdue Pharma ilipoingiza sokoni OxyContin mwaka 1996, kidonge cha oksikodoni kinachoachia dawa polepole mwilini, na kuwashawishi madaktari wa Marekani waiandike hata kwa maumivu ya kawaida ya mgongo. Mwaka 2007 kampuni ndugu yake ilikiri mahakamani kwamba dawa hiyo ilitangazwa kwa njia ya kupotosha kuhusu hatari ya uraibu. Purdue yenyewe ilikiri makosa mengine ya jinai mwaka 2020.

Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yanatupa takwimu ya kuaminika zaidi: kati ya watu wanaotumia dawa hizi kwa maumivu sugu yasiyo ya saratani, wastani wa asilimia 8 hadi 12 hupata uraibu. Basi ni kama mtu mmoja katika kila kumi. Hatari hiyo ni kubwa, na anayesema ni ndogo anadanganya. Lakini tisa waliobaki hawakugeuka mateja. Walio hatarini zaidi ni wenye historia ya pombe au dawa za kulevya, na wenye sonona au majeraha ya kihisia ambayo hayajatibiwa. Mama mwenye saratani iliyosambaa kwenye mifupa yuko katika mizani tofauti kabisa, na kumnyima dawa kwa hesabu ya mtu mwenye maumivu ya kiuno ni kumwonea.

"Wakishampa mofini, ujue ndiyo basi"

Dhana hii inajizalisha yenyewe. Familia inakataa mofini mpaka siku za mwisho, dawa inaanza mgonjwa akiwa hoi, anafariki, na jirani anaondoka na ushahidi wake: kapewa mofini, kafa. Watafiti wa St Christopher's Hospice ya London, kituo cha kuwatunza wagonjwa wanaokaribia kufa, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000, walichunguza dozi za wagonjwa katika wiki yao ya mwisho. Walioongezewa dozi kwa kiasi kikubwa hawakufa mapema kuliko wenzao.

Mofini inaua, hilo ni kweli, na inaua kwa kuzimisha pumzi. Hutokea mtu ambaye hajaizoea akipewa dozi kubwa mara moja, akiichanganya na pombe au diazepamu (dawa ya kutuliza na kuleta usingizi), au figo zake zikiwa zimechoka kiasi kwamba mabaki ya dawa yanarundikana mwilini. Ndiyo maana huanzwa na dozi ndogo na kupandishwa hatua kwa hatua. Usingizi mzito usio wa kawaida na pumzi za taratibu mno ni dalili za kumkimbiza mtu hospitali, ambako dawa ya naloksoni huweza kumrudisha kwa dakika chache.

Uganda imeonyesha jinsi jambo hili linavyoweza kufanywa kwa usalama na kwa gharama ndogo. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1993 na Dkt. Anne Merriman, inachanganya unga wa mofini na maji na kuutia kwenye chupa za plastiki. Maji hayo hutiwa rangi ili mtu asichanganye dawa nyepesi na nzito, na ya kijani ndiyo nyepesi. Mgonjwa hunywa nyumbani kwake kila baada ya saa nne, na dozi ya kulalia huwa mara mbili ya kawaida ili asiamshwe na maumivu usiku wa manane. Mwaka 2004 sheria iliruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliosomea tiba shufaa, yaani ya kupunguza mateso ya wagonjwa mahututi, kuiandika, kwa kuwa madaktari hawafiki vijijini. Tanzania nayo mofini ya kunywa hutengenezwa, na Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam ni mahali ambapo wagonjwa wengi huikuta kwa mara ya kwanza.

Shida inayowapata karibu wote ni moja isiyozungumzwa: choo kufunga. Kichefuchefu na kusinzia kwa kawaida hupungua baada ya siku chache, lakini utumbo hauizoei mofini. Dawa ya kulainisha choo inapaswa kuanza siku ileile, bila kusubiri mgonjwa akae wiki bila kwenda. Nimeweka hili hapa makusudi, maana wagonjwa wengi huacha mofini kwa sababu ya tumbo huku ndugu wakidhani wameacha kwa hofu.

"Tramadoli na kodeini ni nyepesi, hazina neno"

Kodeini yenyewe haifanyi kazi kubwa. Ini ndilo linaloigeuza kuwa mofini, kwa kutumia kimeng'enya kiitwacho CYP2D6, na kimeng'enya hichohicho huigeuza tramadoli kuwa umbo lake lenye nguvu. Watu tumezaliwa na vimeng'enya vya kasi tofauti. Kwa mwingine hakifanyi kazi, anameza kidonge na hasikii nafuu yoyote. Kwa mwingine kina kasi kupita kiasi, na dozi ya kawaida inamzidia. Tafiti za Ethiopia zimekuta karibu watu watatu kati ya kumi wana kasi hiyo, idadi kubwa kuliko ya Wazungu kwa mbali, kwa hiyo sisi wa ukanda huu hatupaswi kulichukulia jambo hili kuwa la mbali. Baada ya watoto kadhaa kufa kwa kupewa kodeini walipokwisha kuondolewa tezi za kooni, Marekani iliweka onyo kali mwaka 2013, na mwaka 2017 ikazuia kodeini na tramadoli kama dawa ya maumivu kwa watoto walio chini ya miaka 12.

Tramadoli ina hatari nyingine ambayo mofini haina kwa kiwango hicho: degedege, hasa dozi ikizidi au kwa mwenye kifafa. Ikichanganywa na baadhi ya dawa za sonona, kama fluoksetini, huweza kuleta joto kali, mtetemo na kuchanganyikiwa. Anayeimeza ili apige kazi usiku kucha anacheza na hatari hizo zote pamoja na uraibu.

Na wale walioambiwa lazima wapande ngazi, waanze na "nyepesi" kabla ya kufika kwenye mofini? Jaribio la Italia lililochapishwa mwaka 2016 liliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 240 wa saratani wenye maumivu ya wastani. Nusu walipewa dozi ndogo ya mofini, nusu tramadoli au kodeini. Waliopata nafuu ya maana walikuwa asilimia 88 upande wa mofini na asilimia 58 upande wa pili.

"Maumivu makali yanataka dawa kali"

Mara nyingine ndiyo. Paja lililovunjika, majeraha ya moto, upasuaji mkubwa, saratani: huko opioidi zina kazi yake, kwa muda unaohitajika. Kwingine hapana. Jaribio la SPACE, lililofanywa Minneapolis na kuchapishwa mwaka 2018, lilifuatilia kwa mwaka mzima wagonjwa 240 wenye maumivu sugu ya mgongo, nyonga au goti. Waliopewa opioidi hawakuweza kutembea na kufanya shughuli zao vizuri zaidi ya walioanzia parasetamoli na dawa za jamii ya ibuprofeni, na maumivu yao yalikuwa juu kidogo. Sydney, mwaka 2023, jaribio la OPAL liliwachukua watu 347 ambao mgongo au shingo ilikuwa imeanza kuuma karibuni. Baada ya wiki sita, oksikodoni haikushinda kidonge kisicho na dawa ndani. Mwaka mmoja baadaye, waliokuwa wamepewa oksikodoni walikuwa na dalili za matumizi mabaya mara mbili ya wenzao.

Kijana wa bodaboda angefaidika zaidi na mazoezi ya mgongo na ibuprofeni ya siku chache, kama tumbo na figo zake ni nzima.

"Marekani wanakufa, basi tuifungie kabisa"

Mwaka 2021 zaidi ya watu 80,000 walikufa Marekani kwa kuzidisha opioidi, wengi wao kwa fentanili inayotengenezwa kiholela na kuuzwa mitaani. Chanzo kilikuwa kumwagwa kwa vidonge bila mipaka. Lakini nchi hiyo ilipogeuka na kukaza ghafla, wagonjwa waliozoea dawa wakakatwa kwa mkupuo, hadi mamlaka ya dawa ikalazimika kutoa onyo mwaka 2019 kwamba kukatisha namna hiyo kunaleta mateso na hata watu kujiua.

Sisi tatizo letu liko upande wa pili. Tume ya jarida la Lancet iliripoti mwaka 2017 kwamba, kati ya tani 298.5 za opioidi zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini zilipata tani 0.1.

"Huyu wa selimundu kaja tena, anapenda sindano"

Tanzania ni kati ya nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu (siko seli), ugonjwa wa damu wa kurithi, takribani 11,000 kwa mwaka. Chembe zao za damu zikijikunja na kuziba mishipa, maumivu ya mifupa huwa ya kiwango ambacho parasetamoli peke yake haitoshi. Wengi wao wanajua kwa uzoefu ni dawa gani na dozi gani iliwatuliza mara iliyopita, na wakilisema hilo hadharani wanaonekana wameshakuwa mateja. Kumbe kujua huko ni taarifa ya kitabibu. Mwongozo wa chama cha wataalamu wa damu cha Marekani wa mwaka 2020 unataka mgonjwa wa aina hii apewe dawa ya maumivu ndani ya saa moja tangu afike mapokezi, kisha apimwe upya maumivu yake kila baada ya dakika 30 hadi 60 mpaka yatulie. Ukimsindikiza ndugu yako hospitali usiku, taja ugonjwa wake dirishani, taja dawa iliyomsaidia, na uulize saa ngapi atapata dozi ya kwanza.