Je, wajua kwa nini mzee wa kuku wa KFC anaitwa Kanali?

Itazame vizuri ndoo ya kuku wa KFC. Kuna mzee wa miwani, nywele nyeupe, ndevu zimechongoka kidevuni, na shingoni tai nyembamba nyeusi. (Ukishaambiwa kwamba ile tai inafanana na kiwiliwili kidogo chenye mikono na miguu, kimebebeshwa kichwa kikubwa, hutaiona tena kama tai. Samahani.) Huyo ni Harland Sanders. Dunia nzima inamwita Kanali. Kanali wa jeshi gani?

Jeshini alipita, ila ni kama aliyechungulia dirishani. Alizaliwa Indiana, Marekani, 1890. Mwaka 1906, akiwa na miaka 16, alidanganya umri akaandikishwa, akapelekwa Cuba, na huko kazi yake ikawa kuhudumia nyumbu. Miezi michache baadaye alirudi uraiani akiwa askari wa kawaida, bila hata tepe moja mkononi. Ngazi zote zilizobaki hadi ukanali alizipanda kwa siku moja, miaka mingi baadaye, akiwa mwenye kituo cha mafuta.

Kituo hicho kilikuwa Corbin, mji mdogo wa jimbo la Kentucky, alikofikia 1930. Waliosimama kujaza mafuta walikuwa na njaa, naye akaanza kuwapakulia chakula, mwanzoni kwenye meza yake mwenyewe ya kulia. Sifa zikaenea. Mwaka 1935 gavana wa jimbo, Ruby Laffoon, akamtunuku hati ya Kanali wa Kentucky kwa kuupa jina upishi wa huko. Hati hiyo haina mshahara wala kikosi, na hakuna askari atakayekupigia saluti kwa sababu yake.

Gavana anapata wapi mamlaka ya kumfanya mpishi kanali? Kule kila gavana ni mkuu wa mgambo wa jimbo lake. Mwaka 1813, wakati wa vita na Waingereza, Gavana Isaac Shelby alimpa cheo cha kanali Charles Todd, mmoja wa maofisa wake, awe msaidizi wake. (Baadaye Todd alimwoa binti wa Shelby, kwa hiyo cheo kilibaki nyumbani.) Makanali wa mwanzo walikuwa na la kufanya: walivaa sare na kusimama kando ya gavana kwenye shughuli. Muda ulivyokwenda kazi ikaisha, cheo kikabaki, na kila gavana akagawa kadiri ya ukarimu wake. Laffoon alikuwa karimu kupita kiasi. Aliwatoa makanali kwa maelfu. Kwa hiyo pale Corbin kuwa kanali halikuwa jambo la kuwafanya watu wageuze shingo.

Lakini kwa nini kanali, na si kapteni au jenerali? Nadhani jibu liko Ulaya, na linaonyesha kwamba cheo hiki kilikuwa na harufu ya biashara zamani sana. Neno lenyewe limetoka kwa Waitaliano, colonnello, mwenye kuongoza safu ya askari. Waingereza walilipokea kupitia Kifaransa katika maumbo mawili, moja lenye r na jingine lenye l, wakaishia kuandika hili na kutamka lile. Sisi tuliandika tulichosikia, tukapata kanali. Wakongomani, waliolisikia kwa Kifaransa, husema kolonel.

Katika Uingereza ya karne ya 17 na ya 18, kanali alikuwa karibu na mwenye mali. Kikosi kiliitwa kwa jina lake mpaka 1751, vikosi vilipoanza kupewa namba. Serikali ilimpa fungu la kuwavisha askari, fungu lililokatwa kwenye mishahara ya askari haohao. Yeye akatafuta fundi wa bei nafuu, na chenji ikaingia mfukoni mwake. Hiyo ilikuwa halali kabisa. Vitani mara nyingi hakwenda. Aliyekwenda ni luteni kanali, na neno luteni asili yake ni Kifaransa, maana yake mwenye kushika nafasi ya mwingine. Kanali hasa alikuwa mtu mkubwa wa eneo lake, mwenye jina na fedha, anayeitwa mwanajeshi. Kapteni anatembea na askari kwenye matope, na majenerali ni wachache mno kugawiwa. Ukitaka kumheshimu tajiri bila kumpa jeshi, ukanali unamtosha.

Brazili walilifikisha jambo hili mbali zaidi. Walinzi wa taifa walipoundwa 1831, vyeo vya juu viliwaendea wenye mashamba makubwa. Kikosi kilivunjwa miaka ya 1920, lakini mwenye shamba aliendelea kuitwa kanali, na wakulima wake walipiga kura alikoelekeza yeye. Wabrazili waliipa jina kura hiyo: kura ya hatamu, kama ya mnyama anayevutwa kwa kamba.

Kwetu neno hili lina uzito tofauti. Mtanzania akisikia kanali anamfikiria mtu aliyepitia Monduli, chuo cha maofisa wa jeshi. Rais mstaafu Kikwete mwenyewe alistaafu jeshi 1992 akiwa luteni kanali. Na Mwafrika yeyote anamkumbuka Gaddafi, aliyepindua serikali ya Libya 1969 akiwa luteni wa miaka 27, akajipandisha hadi kanali, kisha akakaa hapohapo miaka 42. Kanali wa namna hiyo ni yule ambaye bado yuko kambini na askari wenye bunduki, wakati majenerali wako ofisini na mafaili.

Turudi kwa muuza kuku. Hati ya 1935 hakuifanyia makubwa. Takriban miaka 15 baadaye gavana mwingine, rafiki yake, alimtunuku tena, na safari hii Sanders akaamua kuuishi ukanali. Alifuga ndevu za kidevuni, akazipausha kwa dawa zifanane na nywele. Akashona suti nyeupe ya bwana shamba wa Kusini, ya sufu nzito wakati wa baridi na ya pamba nyepesi wakati wa joto, na kwa miaka kama 20 ya mwisho ya maisha yake hakuonekana hadharani na vazi jingine.

Mavazi hayo yalikuja kwa wakati. Barabara kuu mpya ilipangwa kupita mbali na Corbin, wateja wangekatika, na 1956 aliuza mali yake ikatosha kulipa madeni tu. Akabaki na pensheni ya dola 105 kwa mwezi. Akapakia sufuria za presha na viungo kwenye gari, akawa anazunguka mgahawa hadi mgahawa, anawakaangia wenyewe waonje, mara nyingine akilala humohumo garini. Aliyekubali kuuza kuku kwa mapishi yake alimlipa senti tano hivi kwa kila kuku. Mteja wake wa kwanza, tangu 1952, alikuwa Salt Lake City, Utah, mbali sana na Kentucky. Huko makanali hawakuwa wa kugawiwa kama njugu. Mzee wa suti nyeupe akiingia na kusema yeye ni Kanali kutoka Kentucky, nani angeuliza aliongoza kikosi kipi?

Mwaka 1964 aliiuza kampuni kwa dola milioni 2. Mmoja wa wanunuzi alikuwa mwanasheria kijana, John Y. Brown, na waliendelea kumlipa Sanders mshahara ili azunguke na sura yake. Desemba 1979 Brown aliapishwa kuwa gavana wa Kentucky, na kwa hiyo naye akapata mamlaka ya kutengeneza makanali. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 1980, Sanders alifariki akiwa na miaka 90. Mwili wake uliwekwa ndani ya makao makuu ya serikali ya jimbo, Frankfort, watu wapite kuaga. Alikuwa amevishwa suti nyeupe na tai nyeusi.