Chanya na hasi kuvutana ni nusu tu ya stori

Ukimwambia mtu polima (molekuli ndefu kama mnyororo) yenye chaji chanya imeshikana na yenye chaji hasi atakujibu aah, si zinavutana tu, kwisha habari. Mvuto upo kweli, ila hautoshi, na maikroskopu ya kawaida kabisa inakuonyesha hilo.

Chukua polima mbili, jelatini na gamu arabika, ile gundi ya migunga inayotoka sana Sudan. Ni mchanganyiko wa kitambo, wanakemia Bungenberg de Jong na Kruyt kule Uholanzi waliuandikia tangu 1929. Unachanganya vikiwa vuguvugu, nyuzi 40 hivi, maana jelatini ikipoa inaganda, afu unadondoshea asidi kidogo kidogo, pH (kipimo cha uasidi) ikikaribia 4 jelatini inakuwa chanya wakati gamu bado ni hasi, na maji yaliyokuwa maangavu yanageuka meupe kama tui. Weka tone moja kwenye slaidi uangalie: vitone vya duara vimejaa, viwili vikigusana vinamezana vinakuwa kimoja kikubwa, tena duara safi. Yaani hicho ni kimiminika, sio mango (kitu kigumu).

Sasa tia chumvi. Vitone vinanywea, kingo zinafifia, mwisho huoni kitu. Chumvi inafunika chaji ndio, lakini kubwa zaidi ni hili: kila polima ikiwa peke yake majini imezungukwa na vijiioni vidogo vya chaji kinyume, na polima mbili zikishikana vijiioni hivyo vinaachiwa vinatawanyika, entropia (yaani mtawanyiko) inapanda, na faida kubwa iko hapo. Nje kukiwa tayari kumejaa chumvi, kuachiwa kunaleta faida gani tena? Ndogo sana.

Umbo peke yake huwa linadanganya, so mi napenda kupaka polima moja rangi inayong'aa, napiga leza sehemu ndogo mpaka mng'ao unazima, afu nangoja. Doa jeusi likijaa tena, molekuli zinatembea. Likibaki jeusi, zimekwama.

Jaribu hivyo kwa DNA, ambayo ni hasi, na polilaisini, polima yenye chaji chanya, utaona maajabu. DNA ya uzi mmoja inatoa vitone vizuri tu, ya nyuzi mbili inatoa mabonge yenye kokwakokwa, kwa sababu ni ngumu kupinda na imebeba chaji hasi 2 kila nanomita 0.34. Ongeza chumvi ya kutosha, mabonge hayohayo yanalegea yanakuwa vitone. Ndo maana mtu akinitumia picha akasema sampuli yake ni mango, namuuliza kwanza, chumvi milimola ngapi, yaani umetia kiasi gani kwa lita?