Uwezo wa njia ya reli maana yake nini?

Watu wa reli wakisema njia fulani imejaa, hawasemi abiria waliobanana ndani ya mabehewa. Wanahesabu treni: ni ngapi zinaweza kupita mahali pamoja, kuelekea upande mmoja, ndani ya saa moja. Hesabu hiyo ndiyo uwezo wa njia. Kuongeza mabehewa huongeza viti, lakini uwezo wa njia hubaki palepale.

Kinachoubana ni breki. Chuma juu ya chuma huteleza, na treni iliyo kasi huhitaji kilomita nzima au zaidi ili isimame. Kwa hiyo reli hugawanywa vipande, na taa za ishara huizuia treni kuingia kipande ambacho iliyotangulia haijakitoka. Treni ya haraka ikikwama nyuma ya ile inayosimama kila stesheni, hali huwa mbaya zaidi. Japani, reli ya zamani ya Tokyo hadi Osaka ilipojaa, ilijengwa nyingine ya treni za haraka peke yake, ikafunguliwa 1964.

Mfano unaonikaa kichwani zaidi uko chini ya Mto Hudson, kati ya New Jersey na New York. Handaki la huko ni la 1910 na lina mirija miwili, kila mmoja una reli moja. Saa za msongamano hupita treni 24 hivi kwa saa kila upande, yaani moja kila dakika mbili na nusu. Mwaka 2012 kimbunga Sandy kiliingiza maji ya bahari humo, na hadi leo chumvi inakula zege na nyaya.

Sasa funga mrija mmoja. Utadhani zitabaki treni 12. Zinabaki 6 hivi. Treni za pande mbili zikitumia reli moja, za huku hupita, kisha za kule husubiri handaki lote liwe tupu ndipo ziingie. Kusubiri huko ndiko kunakomeza saa nzima.

Kwa hiyo kulikarabati handaki hilo lililoharibiwa na chumvi hakuwezekani bila kuzima safari za maelfu ya watu. Mpango wa Gateway, ule wa kuboresha reli hiyo kati ya New Jersey na New York, umegeuza utaratibu: kwanza lichimbwe handaki jipya lenye mirija miwili, treni zihamie huko, ndipo la zamani lifungwe, mrija mmoja baada ya mwingine.