Je, wajua kwa nini meno yetu huota mara mbili tu?

Juzi mpwa wangu alikuja mbio kutoka barazani, hapa Mji wa Kale, Mombasa, jino lake la mbele kiganjani. "Mjomba, litaota jingine?" Litaota. "Na hilo nalo likitoka je?" Jibu la swali hilo lina umri wa zaidi ya miaka milioni 200.

Mamba wa kule Nyali hana wasiwasi huo. Jino likimdondoka, jingine limekwisha kuiva chini yake, tena na tena. Ndivyo walivyokuwa hata sinodonti, wanyama wa kale ambao ukoo wa mamalia ulichipuka kwao. Mmoja wao, Thrinaxodon, aliyeishi Afrika Kusini yapata miaka milioni 250 iliyopita, alikuwa mdogo kama paka na meno yake yaling'oka kwa zamu: moja likianguka, jirani zake walibaki kwanza. Hakupata kuwa kibogoyo.

Lakini meno ya kubadilika kila mara hayasagi vizuri. Gego la juu na la chini lazima yakutane sawasawa kama mchi na kinu. Ukibadilisha moja, mwenziwe hukosa pa kushika.

Sinodonti wengine, walao majani, walipata njia ninayoistaajabia mpaka leo. Katika ukoo wa Scalenodon, ambaye mifupa yake imechimbwa bonde la Ruhuhu huko Tanzania, magego mapya yaliota nyuma, na yaliyochakaa yakadondoka mbele. Baadaye watritilodonti, kundi jingine la sinodonti walao majani, wakaukamilisha ustadi huo: magego ya juu yalikuwa na safu tatu za vinundu, ya chini safu mbili, na za chini zilipita kwenye mifereji ya juu taya lilipovutwa nyuma. Wala hawakuwa wazee wa ndovu, ila ndovu naye alikuja kufanya karibu vivyo hivyo kivyake. Zile pembe kubwa za Moi Avenue zinaiga meno yake ya mbele. Magego yake ni sita tu kila upande wa kila taya, na hufuatana kutoka nyuma kwenda mbele maisha yake yote.

Upande wetu ulikwenda njia nyingine. Morganucodon, mnyama wa kale wa ukoo wa mamalia, mdogo kama panya, aliyeacha meno yake katika miamba ya Wales yapata miaka milioni 200 iliyopita, alikuwa na meno ya utoto, kisha ya ukubwani, basi. Wataalamu wanahusisha jambo hili na maziwa. Anayenyonya hahitaji meno mapema. Taya lake hukua haraka, kisha husimama, nayo meno ya ukubwani hukuta nafasi yao tayari na kukutana barabara.

Magego ya nyuma hayana hata hiyo zamu ya pili. Mpwa wangu ana miaka sita, na la kwanza limeanza kuchomoza nyuma ya meno yake ya utoto. Nilimwonyesha kwenye kioo, nikamwambia hilo halina mrithi. Akaligusa kwa ulimi, kisha akatoka kwenda kulirusha lile dogo juu ya paa.